Mbavu za Kwaku

Jumanne ile saa nne asubuhi, Adwoa Pinamang alikuwa akishona kiti cha arobaini na nne, kile cha nyuma kabisa, lori lilipoingia getini likivuta basi alilokuwa akiendesha kaka yake. Paa lilikuwa limelala juu ya viti. Viti vyenyewe alivitambua, kwa kuwa alivishona yeye, mshono wa nyuzi mbili, na ile ngozi ya bandia ya kijani haikuwa imechanika popote. Alimalizia mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno, akatoka nje kwenda kuangalia.

Hakulia. Alizunguka basi polepole akihesabu, kisha akarudi kwenye cherehani yake akiwa na amani kidogo kwa mara ya kwanza tangu ajali.

Watu kumi na tisa walikufa ndani ya basi lile kwenye mteremko wa Asubima, njia ya Sunyani, siku lori la magogo lilipohama upande wake na Fofie, kaka yake Adwoa, akalikwepa. Basi lilibingirika mara moja tu. Fofie alitoka na mkono uliovunjika, akafungwa plasta hospitalini, kisha akapelekwa mahabusu ya Kumasi. Maiti hazijazikwa, redio ikatangaza kwamba dereva alikuwa mwendo kasi. Tume iliundwa, ikasema itafika kiwandani baada ya majuma matatu.

Kiwanda chetu cha Nkosuo kilijengwa kwa ajili ya Shirika la Mabasi la Taifa. Zamani Shirika lilikuwa likinunua mabasi ng'ambo. Yalikuja melini yakinukia rangi mpya na kufa baada ya miaka miwili, maana barabara zetu hazina adabu kwa wageni. Serikali ikasema tuyaunde wenyewe. Chasisi na injini ziliendelea kutoka nje, lakini kuanzia sakafu kwenda juu basi lilikuwa letu: mabomba ya chuma yaliyokunjwa na mafundi, mabati, ribiti, viti vya Adwoa. Vyuma vinavyobeba paa tuliviita mbavu, na basi lilikuwa na mbavu nane. Moja la mwaka wa kwanza liliwahi kubingirika mara tatu hadi bondeni, na abiria wakatokea madirishani wakigombana ni kuku wa nani aliyekufa.

Basi huzaliwa siku paa lake linapofungwa. Kwa siku saba ni mgeni tu, kama mtoto mchanga, anaweza kughairi akarudi alikotoka. Siku ya nane tulikuwa tukimtia tone la maji mdomoni mwa rejeta na kumwambia, "Ukisema maji, yawe maji," kisha tone la pombe kali, "Ukisema pombe, iwe pombe," halafu tunamwita jina la siku yake. Wa Jumatatu ni Kwadwo, wa Jumatano Kwaku, wa Ijumaa Kofi. Madereva waliyaita majina hayo milimani, na mabasi yaliitika.

Mwaka ule, mwaka wa foleni za maziwa ya kopo, yalitakiwa mabasi arobaini kabla ya Siku ya Uhuru. Meneja Quaynor, mtu mpole anayekusalimia hata ukiwa chini ya gari, aliona chuma hakitatosha. Akaagiza mbavu tano. Siku ya nane nayo hakuna aliyekuwa na nafasi nayo. Mabasi yote arobaini yalikabidhiwa kwa waziri siku ya Ijumaa, bendi ikipiga, na karani akayaandika yote Kofi.

"Nilipinga mara moja," Mzee Nsiah, mkuu wa wachomeleaji, alimwambia Adwoa. "Halafu nikakumbuka nina watoto sita, nikashika mashine."

Hizo mbavu tano ndizo Adwoa alizozihesabu. Tume ingekuja, ingehesabu kama alivyohesabu yeye, na Fofie angerudi nyumbani. Mtu hawezi kupinda paa kwa mwendo kasi. Hata hakimu asiyejua spana angeelewa hilo.

Jumamosi alimpelekea kaka yake madonge ya kenkey, ya unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kukaanga.

"Umekonda," alimwambia.

"Chakula cha serikali, dada. Humu hata mende wanaomba uhamisho." Fofie alikula kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa ndani ya plasta, akiomba radhi kila tonge. Kisha akauliza, "Lile basi lilizaliwa lini?"

"Mzee Nsiah anasema paa lilifungwa Jumatano."

Fofie aliacha kutafuna. "Nilimwita pale Asubima. Kofi, shikilia. Kofi, shikilia baba. Hakuitika. Nikamtukana mpaka tunasimama." Alitazama ukuta. "Kumbe mtoto wa watu nilikuwa namwita jina la mwenzake. Nenda kaniombee radhi, dada. Mwite jina lake."

Jumatano iliyofuata, kabla ya kengele ya kazi, Adwoa alikwenda nyuma ya banda la rangi na kikombe cha maji na kichupa cha pombe. Rejeta ilikuwa imepasuka, lakini mdomo wake ulikuwepo. Alifanya kila kitu kwa utaratibu wake. Akasema, "Kwaku, kaka yangu anaomba radhi." Kisha akaenda kushona.

Alhamisi mtunza stoo aliona chuma chembamba kama kidole kikichomoza upande wa kushoto wa basi, baina ya ubavu wa pili na wa tatu. Hakikuwa na kutu. Ijumaa kilikuwa unene wa bomba na kimefika katikati ya paa, kama jani jipya linavyopanda katikati ya mgomba uliokatwa. Jumamosi kilifika upande wa pili na kuanza kuinua bati, na ubavu wa saba ulikuwa umeshatoka. Wapaka rangi walihamisha mapipa yao ili basi lipate nafasi ya kukua. Msimamizi aliandika katika daftari la zamu: *Basi namba 12 linaota mbavu. Hewa nzito kidogo.*

Adwoa alipoambiwa, aliacha mshono katikati. Alimfuata Mzee Nsiah kwenye mashine yake.

"Zikate, mzee."

"Nini?"

"Zile zinazoota. Tume inakuja Jumatatu. Wakizikuta nane, Fofie kaisha."

Mzee Nsiah alivua miwani ya moto, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Mimi ndiye niliyemnyima mbavu tatu mara ya kwanza," alisema. "Sitamnyima mara ya pili. Kama una roho hiyo, msumeno ule pale."

Adwoa alichukua msumeno. Alikata kwa saa nzima ubavu wa sita, akilia sasa, mikono ikichubuka, na basi likitetemeka kila meno ya msumeno yalipouma. Chuma kilianguka. Wakati wa chai kilikuwa kimesharudi, kinene kuliko mwanzo, na cha nane kikichungulia.

Tume ilikuja na watu watatu na gari jeusi. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu mwenye kofia ya majani. Alihesabu mbavu kwa fimbo yake, akigonga moja moja. Nane.

"Zilikuwa tano," Adwoa alisema. "Tatu zimeota."

"Zimeota lini?"

"Juma lililopita. Baada ya basi kupewa jina."

Jaji aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa mvua ilinyesha jana. "Sikatai mama. Hata jiko la mama yangu liliwahi kuota mguu. Lakini Tume inahesabu kilichopo. Wewe mwenyewe ulilifundisha likisema maji yawe maji, siyo? Haya, linasema nane."

Mzee Nsiah alisogea mbele bila kuitwa. "Nilichomea tano, mheshimiwa."

"Una miaka mingapi, mzee?"

"Sitini na mmoja."

"Na macho?"

"Yanaona tano."

Katibu akaandika kwamba macho ya shahidi ni mabovu. Mwezi huohuo Mzee Nsiah alistaafishwa kwa barua yenye shukrani nyingi.

Adwoa hakukubali kufa kizembe. Alimshika jaji mlangoni mwa gari. "Yapo mengine thelathini na tisa, mheshimiwa. Hayana majina. Fungueni lolote."

"Hoja nzuri," alisema jaji, na alimaanisha. "Tutafungua moja Agosti, mvua zikipungua."

Ilikuwa mwanzo wa Mei. Mvua zilikuwa hazijaanza vizuri. Kazi ya Adwoa ilikuwa kusubiri tu, na hakuna kazi rahisi kuliko hiyo kwa mtu asiyepanda basi. Yeye alipanda kila siku. Juma la pili la mvua, namba 7 liliteleza mtaroni karibu na Mampong likalalia ubavu, na paa likabonyea kama sufuria ya bati. Bibi mmoja alivunjika mtulinga. Shirika likalinyoosha paa kwa jeki na kulirudisha barabarani.

Meneja Quaynor alikuja mwenyewe kwenye cherehani, akavuta kigoda.

"Mama Adwoa, nyumbani hawajambo? Nimefikiri. Ungeyapa majina na hayo mengine, tungeokoa roho za watu."

"Yachomelee mbavu, meneja."

"Chuma hakuna, mama." Alisema kwa huzuni ya kweli. Hilo ndilo lililomuudhi Adwoa kuliko yote, kwamba yule bwana hakuwa hata mbaya.

Alimfukuza. Usiku haukumpa usingizi, na asubuhi akaenda kwa Mzee Nsiah, ambaye alikuwa amechora kwa msumari siku ya kila basi chini ya sakafu ya dereva. Mzee alimsomea zote kwa kumbukumbu. Kuanzia hapo, kila alfajiri kabla ya kazi, Adwoa alisimama stendi kuu na kikombe na kichupa. Kwasi. Kwabena. Yaw. Madereva walimpisha, na wengine walimshikia kikombe. Mabasi yaliota mbavu yakiwa safarini, na abiria walizoea kuinamisha vichwa kidogo hadi zilipokomaa.

Aliyapa majina thelathini na nane. Moja aliliacha.

"Umemwacha nani?" Fofie alimuuliza. Plasta ilikuwa imetolewa na mkono ulikuwa mwembamba kama wa mtu mwingine.

"Namba 31. Wa Jumamosi. Huyo ndiye shahidi wetu."

"Yuko njia gani?"

"Sunyani."

Fofie aliweka samaki chini. "Anaendesha nani?"

"Kwarteng."

"Kwarteng akifika Asubima hufumba macho aombe," alisema Fofie. Alicheka kidogo, peke yake. Hakumwambia aliite basi wala asiliite, na kwa hilo Adwoa alimkasirikia siku nzima. Laiti angesema moja, dhambi ingekuwa ya wawili.

Juni yote alikwenda stendi kuliangalia namba 31 likiondoka. Alijilazimisha asiwatazame wanaopanda, akatazama matairi. Jumamosi moja ya Julai mvua ilikuwa ikimwagika tangu alfajiri, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni na beseni la nyanya kichwani alikwama mlangoni, akamwambia, "Dada, nisaidie basi, umesimama tu kama nguzo ya umeme." Adwoa alipokea beseni. Alipoingia ndani kulipeleka nyuma aliwaona wote arobaini na nne, wamekaa kwenye viti vyake, wengine wameshaanza kusinzia. Juu yao mbavu tano.

Alishuka, akaenda mbele ya basi. Kichupa kilikuwa mfukoni, alikuwa akikibeba kila siku bila kujiuliza kwa nini. Maji aliyakinga kiganjani kutoka mbinguni.

"Kwame," alisema, na kwa sauti ya chini, "Fofie, nisamehe."

Agosti jaji alirudi kama alivyoahidi. Alifungua namba 31, akaligonga kwa fimbo mara nane. Akafungua na namba 7 kwa ajili ya haki. Nane. Ripoti ilisifu ubora wa kazi ya mikono yetu, na ilisomwa redioni mara mbili. Fofie alipewa miaka tisa. Adwoa alipomweleza kuhusu mwanamke wa nyanya, Fofie aliuliza kama Kwarteng sasa anafumbua macho.

Kwaku alipakwa rangi na kurudishwa njia ya Sunyani, na hadi leo hajawahi kuharibika.

Mwaka uliofuata Shirika liliagiza mabasi sitini. Mchoro mpya ulitoka ofisini kwa meneja, safi, umegongwa mhuri, na ulionyesha mbavu tano kwa wino. Mahali pa zile tatu palichorwa mistari ya nukta nukta, na pembeni, kwa mwandiko mzuri, paliandikwa: *Adwoa, siku ya nane.*

Aligoma. Aligoma mara moja, kwa basi moja, la Alhamisi. Alikaa kwenye cherehani yake siku ya nane nzima, hakuna aliyemgombeza, meneja akamsalimia kama kawaida. Siku ya tisa geti lilifunguliwa na basi likatoka hivyo hivyo. Adwoa alilisikiliza mpaka lilipobadilisha gia, akaangusha mkasi, akalikimbilia. Alilifikia kwenye kituo cha Abuakwa, limesimama kuongeza abiria. Akapanda huku akihema, akaanza kumwita Yaw, na kondakta akamwambia asogee nyuma, mama, awapishe wenzake waingie.