Wafungieni Ndama

Watu wa Bunda waliokuwa vijana wakati ule wanamkumbuka mume wangu, Mniko, kwa sababu ya vifo. Vifo vya kwenye picha.

Alikuwaga na kibanda cha video nyuma ya stendi, cha mabati, na ndani mabenchi, televisheni moja na deki. Picha zilikuwa za Kichina, za Kihindi, za Wazungu, na watu wetu hawakujua lugha hizo. Mniko naye hakuzijua. Lakini alikaa pembeni ya televisheni na maiki mkononi akawasemea wote, mfalme, jambazi, mama mkwe, hata mbwa. Mimi nilikaa mlangoni na beseni la karanga, nasikiliza.

Mtu akianza kufa kwenye picha, kibanda kizima kilinyamaza. Mniko hakuharakisha. Nyumbani alikuwa ananiambia, "Mama Nathanieli, usiangalie mdomo wa anayekufa. Angalia mkono. Angalia anamtazama nani. Hapo utajua anachotaka." Basi aliacha kimya kidogo, akashusha sauti, na yule Mchina mwenye upanga tumboni akawaambia wenzake: "Wafungieni ndama. Mvua inakuja."

Wachina, Wahindi, askari wa Kizungu, wote walikufa na maneno hayo. Ukifikiri sana utacheka, maana Mhindi mmoja alifia juu ya ghorofa. Ila kibandani hakuna aliyecheka. Niliona wanaume wazima wakijifuta macho kwa mikono yenye chumvi ya karanga.

Maneno hayo hakuyatunga. Yalikuwa ya mama yake. Mama mkwe wangu alipokufa hapa Nyamuswa, Mniko alikuwa Mwanza anatafuta kanda, na mimi ndiye niliyemshika kichwa. Hakutaja mali wala kuaga mtu. Aliangalia mlangoni, akasema wafungieni ndama, mvua inakuja, akaondoka. Mniko aliporudi alitaka nimwambie. Nikamwambia. Akataka nirudie. Baada ya hapo ndipo nikaanza kuyasikia kwenye picha, na hatukuwahi kuzungumza habari hiyo.

Mtoto wetu wa kwanza, Nathanieli, tulimpeleka sekondari, akarudi likizo na Kiingereza. Jumamosi moja mchana kibanda kimejaa, askari wa Kizungu amelala kwenye matope anapumua kwa shida, Mniko ameshaanza na ndama wake. Nathanieli akasimama kwenye benchi la nyuma.

"Baba, hasemi hivyo. Anaomba maji tu."

Mmoja akacheka, kisha wengi.

"Kumbe Mniko unatupiga porojo."

"Na yule Mhindi wa juzi alifugia wapi, ghorofani?"

"Mpe mwenzio maji, mzee, atakufia."

Mniko aliweka maiki chini, akatoka nje, akazima jenereta. Alimkuta mtoto wake mlangoni, karibu na beseni langu. Hakupaza sauti. Alisema, "Kwa kuwa unajua sana maneno ya watu, ya kwangu hutayasikia tena."

Na hakuyasikia. Baba anakula meza moja na mtoto, ananiambia mimi, "Mwambie huyo asogeze chumvi." Siku za mwanzo Nathanieli alitabasamu, akidhani ni hasira ya kupita. Kibanda kilikufa, shule ikaisha, akaenda Musoma. Mpaka leo anauza samaki huko, soko la Mwigobero, ana mke, ana watoto. Alituletea sangara, alituletea blanketi, aliomba msamaha mbele ya wazee. Mniko alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda kuangalia ng'ombe.

Mwaka huu, katikati ya kiangazi, Mniko akapigwa kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakaisha, ya Kiswahili na ya nyumbani. Hospitali walitwambia tumrudishe nyumbani. Nikampigia simu Nathanieli.

Alikuja kwa basi hadi Bunda, kisha bodaboda, akafika jua liko juu. Shemeji yangu Clementi, mdogo wake Mniko, alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi nje ya mlango.

"Kaa kwanza," alimwambia. "Nikuambie kabla hujaingia. Katika ukoo wetu, mtoto aliyenyimwa maneno na baba yake hamwagi udongo kaburini. Anasimama nyuma na majirani. Na wewe ni mkubwa wao, itaonekana."

"Najua, baba mdogo."

"Sikuitunga mimi."

"Na sasa hawezi kusema."

"Ndiyo maana nimekaa hapa. Akikwambia lolote, mimi shahidi. Hata akikutukana."

"Hata akinitukana?"

"Tusi nalo ni neno."

Nathanieli alicheka kidogo, kisha akaficha uso. Nilikuwa namenya mihogo pale pale. Nikampa kisu kingine, akaanza kumenya na mimi kama zamani.

"Yale maneno ya ndama," nikamwambia, "unajua yalitoka wapi?"

"Si alitunga."

"Ni ya bibi yako. Ndiyo aliyofia nayo. Baba yako hakuwepo, mimi nilimpelekea."

Kisu kikasimama. "Sikujua, mama."

"Hukuuliza. Naye hakusema. Mmefanana tu."

"Kwa hiyo siku ile niliwachekesha watu kwa maneno ya bibi."

"Ulisema kweli, mwanangu. Yule askari alikuwa anaomba maji. Ingia ukamwone baba yako."

Tuliingia watatu. Mniko alikuwa amelala kwa ubavu, uso kwa mlango. Alipomwona Nathanieli, macho yalikaa hapo hapo, hayakwenda kwangu wala kwa Clementi. Midomo ikaanza kusogea. Ikatoka sauti isiyo na umbo, kama mtu anayeongea chini ya blanketi.

Clementi akainama. "Anasemaje?"

"Labda anaomba maji," Nathanieli akasema taratibu.

Nikachukua kijiko. Mniko akafunga midomo, maji yakamtiririka shingoni. Nikamfuta. Hakuwa anaomba maji. Midomo ikaanza tena.

"Mama," akasema Nathanieli, "wewe umekaa naye. Anasemaje?"

Sikuangalia mdomo. Niliangalia mkono wa kushoto, ule mzima. Ulikuwa umeinuka kidogo juu ya blanketi, vidole vinasogea kuelekea mlangoni. Hivyo ndivyo mtu anavyofukuza kuku. Na ndivyo anavyomtuma mtoto.

Nathanieli alikuwa ananitazama usoni. Nililijua neno analolingoja. Kulisema kungekuwa rahisi, na Clementi angelipokea, na kijana angelia akapona. Lakini Mniko hakuwahi kumwambia mtu yeyote nimekusamehe, hata mimi. Sikutaka afe na maneno ya mtu mwingine mdomoni. Nikaacha kimya kidogo, kama alivyokuwa anaacha yeye.

"Anasema wafungieni ndama. Mvua inakuja."

Clementi akageuza kichwa kuangalia dirishani. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua, hakuna hata wingu. Nathanieli alimwangalia baba yake, akauangalia ule mkono, akaniangalia mimi. Nilingoja aseme hasemi hivyo.

"Ndiyo, baba," akasema, akatoka.

Tulimsikia uani. Ndama hawakumjua, wakamkimbia, akawa anawazunguka na viatu vyake vya mjini huku akiwaita kwa lugha ya nyumbani, ile sauti ya mdomo aliyofundishwa na baba yake alipokuwa mdogo. Mmoja alitoroka, akarudishwa. Mkono wa Mniko ulikuwa umeshuka juu ya blanketi. Macho hayakutoka mlangoni. Alikuwa anasikiliza, hilo nina hakika nalo. Kisha tukasikia miti ya zizi ikisukumwa, mmoja baada ya mwingine.

Nathanieli alirudi anahema, ana samadi mpaka kwenye suruali. Akapiga magoti pembeni ya kitanda.

"Nimewafungia, baba. Wote."

Mniko alifumba macho, na sura yake ikalegea. Midomo haikusogea tena. Alifariki kesho yake kabla ya mchana, Nathanieli akiwa amemshika ule mkono mzima.

Kwenye maziko mzee mmoja wa ukoo alimvuta Clementi kando. Mimi nilikuwa karibu, nikasikia.

"Huyu mkubwa anaruhusiwa? Kaka yako alimsemesha?"

"Alimtuma akafungie ndama."

"Ulimsikia wewe?"

"Nilikuwepo," Clementi akasema. "Alimtuma, akaenda, akarudi kumwambia tayari. Unataka nini zaidi?"

Akachukua sepetu kwa aliyekuwa ameishika, akampa Nathanieli. Udongo ulikuwa mkavu kabisa, ukapanda vumbi mpaka watu wa mbele wakafunika pua.

Mvua haikunyesha wiki ile wala iliyofuata. Nathanieli alikaa nasi mpaka matanga yakaisha, na kila siku, jua bado kali, nilikuwa jikoni nawasikia ndama wakilalamika kwamba wamefungiwa mapema.