Paa la Anglia ya Baba

Sitaki kusikia mtu akiniambia ndugu yangu Owiti ni mtu mwema. Mwema kitu gani! Mtu mwema hasimamishi gari la marehemu baba yake uani, hapa mtaani Mowlem, mchana kweupe, halafu akaita fundi aje kulichuna.

Gari lenyewe ni Anglia ya mwaka wa sitini na mbili. Baba yetu, Mzee Oketch, fundi wa karakana ya reli, alilipata likiwa mkweche wa kufugia kuku. Akakata nguzo za paa na kulishusha inchi nne, akang'oa vishikio vya milango, akatoboa boneti ili injini ichungulie nje, kisha akalipaka rangi nyekundu na ndimi za moto za manjano ubavuni. Kwenye maonyesho ya magari watu waliyaacha ya matajiri wakaja kulizunguka hili. Baba alikuwa akilipiga paa kofi na kusema, "Hapa hakuna fila hata kijiko!" Fila ni ule uji mzito ambao mafundi wa bodi huzibia mashimo, ukikauka unakuwa kama jiwe. Baba aliudharau kabisa.

Aliyefanya naye kazi hiyo ni mimi, Anyango. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, sina kibarua, akanifunza kulehemu, na kulehemu ndiko kunakonilisha mpaka leo. Owiti alikuwa chuoni. Akija nyumbani alipita kando ya gari asichafue viatu. Lakini Baba alipofariki mwaka jana, wazee wa ukoo waliketi wakasema gari ni la kijana, eti msichana ataolewa alipeleke kwa watu. Nina miaka hamsini na moja! Nani huyo anakuja kunioa, na alikuwa wapi siku zote hizi?

Nilimwomba Owiti jambo moja tu, asiguse paa wala rangi. Injini abadilishe, viti abadilishe, mimi simo.

"Hiyo rangi ni ya kizamani," akasema. "Naweka kijivu kisichong'aa, ndiyo inatamba siku hizi. Maonyesho ni mwezi ujao."

"Baba aliipaka kwa mkono wake, Owiti."

"Baba ameenda. Na wewe usijifanye fundi wa gari, ulikuwa unamshikia Baba vifaa tu. Kesho Kimanzi akija, sitaki kusikia neno lako hata moja. Tumeelewana?"

Tulielewana. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nikajiambia, haya bwana mkubwa, neno langu hulipati.

Kimanzi ni fundi wa rangi kutoka mtaa wa Lucky Summer, mtu mpole, sina ugomvi naye. Alikuja na mtungi wa gesi. Yeye huchoma rangi ya zamani kwa moto mpaka ivimbe, halafu anaikwangua. Ni njia ya haraka, na kwenye bati tupu haina ubaya wowote.

Ila paa lile halikuwa bati tupu. Baba hakutumia fila kwa sababu alifanya kama walivyofanya karakanani: kila mahali alipounga, alijaza risasi iliyoyeyushwa, ile metali laini ya kijivu, tukaisawazisha kwa kibao cha mti kilichopakwa mafuta ya mbuzi. Ilituchukua mwezi mzima. Risasi ikikutana na moto wa gesi inarudi kuwa maji. Owiti alijua majisifu ya Baba, sababu yake hakuwahi kuiuliza.

Kimanzi alipapasa paa. "Boss, hapa ndani kuna kitu?"

"Bati tupu," Owiti akajibu. "Mzee hakuwa mtu wa fila, uliza mtaa wote."

Kimanzi hakuridhika. Akanigeukia mimi niliyekaa kwenye ngazi na kikombe changu cha chai. "Dada, wewe ulikuwa na mzee. Ni bati tu?"

Owiti alinikazia macho. Nami nikamkazia yangu.

"Muulize mwenye gari," nikasema.

Kimanzi akawasha moto. Rangi nyekundu ikavimba, ikawa nyeusi. Kisha pembe ya paa ikaanza kutoka jasho, na matone meupe yakashuka kwenye kioo, yakaanguka chini na kutawanyika. Kimanzi alipiga kelele akafunga gesi, lakini nguzo ilikuwa imeshafunguka, na paa likainama upande wa dereva. Mwezi mzima wa mikono ya Baba ulikuwa pale kwenye vumbi, ukipoa.

Nilikuwa nimesubiri kufurahi. Wallahi nilikuwa nimejiandaa kucheka. Badala yake niliweka kikombe chini, nikashuka ngazi.

Owiti alichuchumaa, akaokota tone moja, likamchoma, asiliachie.

"Hii ni nini?"

"Risasi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Nilingoja anitukane, maana matusi yake nayaweza. Lakini alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya ofisini, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

"Mimi sikujua, Anyango," akasema. "Wewe ulijua."