Etabli Tuliyoibeba Hadi Kambini

Walimchukua kaka yangu Abedi siku ya Ijumaa, akiwa na sabuni masikioni. Askari wawili walimtoa bafuni wakimburuta kwa mguu, na alipojaribu kujifunika walimpiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Meno mawili yalibaki kwenye mchanga wa uwanja wetu, mtaani kwetu Mikelenge. Ajida, mkubwa wao, alisimama mlangoni akimweleza baba sababu, kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari dukani.

"Muzee Musafiri, ile grili mutoto wako alitengeneza imevunjika. Mbuzi wawili wameanguka kwenye majivu, mbele ya wageni wa Kinshasa. Komanda wa kambi alinipiga kofi. Mimi, baba ya watoto sita, kofi!"

"Tutaitengeneza tena, mukubwa."

"Mutatengeneza. Kesho saa sita ya mchana komanda anataka nyama. Grili ikishika, Abedi anatoka. Isiposhika, yeye njo atalala juu ya makaa. Umesikia muzuri?"

Baba aliomba grili iletwe kwenye karakana yetu. Ajida alicheka. "Chuma kikitoka kambini hakirudi. Kuja na vyombo vyenu kule."

Kosa lilikuwa la Abedi, na lilikuwa kosa la fundi wa sufuria. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha pistoni za malori mabovu na kumwaga aluminiamu yake kwenye kalibu za sufuria, kisha kufunga vishikio kwa riveti, yaani pini fupi za kugongwa kichwa, za aluminiamu hiyo hiyo. Katika sufuria riveti hiyo hudumu miaka, kwa sababu maji yanaipoza. Grili haina maji. Riveti zililegea juu ya makaa kama nta, nondo zikachomoka, na mbuzi wakaanguka. Baba, aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana ya reli, angemwambia. Lakini Abedi hakuuliza, na macho ya baba siku hizo yalikuwa yameingia ukungu. Tangu nikiwa msichana mdogo mimi ndiye niliyempigia nyundo, hadi nilipokwenda kusoma ualimu Kisangani, na sasa nilikuwa nimerudi nyumbani.

Alfajiri ya Jumamosi tulisimama mbele ya etabli zetu mbili. Zote zilikuwa meza za kazi za kukunjwa, za kubebwa kwenda kwa mteja. Moja ilikuwa ya mbao, nyepesi, mtu mmoja angeiweka begani na kutembea nayo hadi kambini bila kupumzika. Nyingine baba aliitengeneza mwenyewe: miguu ya chuma, juu bamba nene, na pembeni eto ya kubania vyuma. Ilikuwa nzito kama maiti.

"Tuchukue ya mbao, Jamila," baba alisema. "Tufike mapema."

Niliweka msumari juu ya mbao nikaugonga. Uliruka, ukaanguka chini. Niliuweka juu ya bamba nikaugonga. Ulitulia, kichwa chake kikasambaa.

"Ya chuma, baba. Juu ya mbao riveti itaruka."

"Tutaibeba kwa nguvu gani? Kwa machozi?"

"Kwa kichwa," nikasema.

Tuliibeba kwa zamu ya hatua mia mbili, mimi kichwani, baba begani. Ngozi ya bega la baba ilichanika. Tulifika kambini karibu saa tatu badala ya saa mbili, na njia nzima niliwaza kwamba saa hiyo moja Abedi analipa mwilini mwake kwa ajili ya msumari wangu.

Grili ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa jiko la askari: fremu ndefu kuliko mtu, nondo kumi na nane, kutu na mafuta yaliyoungua. Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na kasho, chumba cha mahabusu cha matofali chenye dirisha dogo. Tulikunjua miguu ya etabli, tukaibana kwa mawe isitikisike, tukalaza fremu na kuikaza kwenye eto. Askari kijana mwenye jina la Onema alipewa kazi ya kuvuvia moto. Nilisugua kutu kwa brashi ya nyaya, nikatoa mabaki ya aluminiamu kwa patasi. Riveti mpya tulizikata kwenye nondo nyembamba. Kila moja ilibidi iwe nyekundu kabla ya kugongwa.

Niligonga ya kwanza. Niligonga ya pili. Nilipokuwa nasubiri ya tatu iive motoni, kelele ilitoka ndani ya kasho. Ilikuwa sauti ya Abedi, nayo haikuwa na neno lolote ndani yake.

"Mumefanya nini?" baba aliuliza.

Ajida alikuwa amekaa kwenye kiti, akimenya chungwa. "Nimetoa amri," alisema. "Nyundo ikilia, wanapumzika kule ndani. Nyundo ikinyamaza, mukanda unalia. Hivi kila muntu iko na kazi."

"Mukubwa, riveti lazima iive kwanza!"

"Basi iive haraka."

Mkanda ulipiga tena. Nilihesabu saba kabla ya chuma kuwa chekundu. Nilikigonga kwa pupa, nikakosa, nikajipiga kidoleni. Ajida alicheka hadi maji ya chungwa yakamtoka puani.

"Sitwayeni mwalimu! Unagonga kama unabisha hodi kwa mukwe!"

Aliniita sitwayeni, mwananchi, kama watu wa Chama. Mimi ni mtu wa kuonewa hata na wauza samaki. Lakini Onema, bila kuinua uso kutoka kwenye moto, alisema chini ya pumzi: "Dada, yule wa mukanda kule ndani haoni. Anasikia tu."

Nilimtazama baba. Alikuwa ameelewa kabla yangu. Alichukua nyundo ndogo, akapapasa ukingo wa bamba, akaanza kugonga chuma kitupu. Ngo, ngo, ngo. Sauti ilijaa uwanja mzima. Ndani ya kasho mkanda ulinyamaza.

Ajida aliacha kutafuna. Nilidhani atamnyang'anya nyundo. Alimwendea, akampiga teke gotini. Baba alianguka, lakini aligonga akiwa amepiga magoti. Ajida alimpiga ubavuni kwa kiatu mara tatu, nne. Baba aliendelea kugonga, damu ikimtoka puani na kudondoka kwenye bamba.

"Muache agonge, ajida," Onema alisema. "Saa sita inakaribia. Komanda atauliza nyama kwako."

Ajida alimgeukia akampiga kofi lile lile alilopigwa yeye na komanda, kisha akarudi kwenye kiti chake.

Tulifanya hivyo kwa riveti thelathini na nne zilizobaki. Baba aligonga chuma kitupu wakati moto ukifanya kazi, nami niligonga chekundu. Mara mbili mkono wake ulichoka, na mara zote mbili tulisikia malipo yake. Mwishoni nilipaka mawese kwenye nondo zote na tukaziunguza hadi zikawa nyeusi na kung'aa.

Ajida alipanda juu ya grili na viatu vyake, akaruka. Ilishika. Aliamuru iwekwe juu ya makaa na mbuzi mzima alazwe. Ilishika.

"Nani alipiga riveti hizi?" aliuliza.

"Mimi," baba akasema upesi.

"Uongo. Kipofu hapigi riveti. Nataka mukono uliofanya kazi. Ule wa kwanza ulinidanganya. Huu mupya lazima uape."

Sijui kwa nini sikuogopa wakati ule. Labda woga wote ulikuwa umekwisha kwenye bamba.

"Ni mimi," nikasema, na sauti yangu ilitoka kubwa.

Alinishika kiganja cha kulia, akakikandamiza kwenye nondo, pembeni ya mbuzi. Nilisikia harufu kabla ya maumivu. Alihesabu hadi tatu, polepole, kwa Kifaransa. Baba alikuwa analia akiita jina langu. Onema aligeuza uso ukutani.

"Umeapa," ajida alisema, akaniachia. "Toeni ile takataka."

Walimshika Abedi mikono na miguu, wakamtupa nje. Mgongo wake haukuwa na ngozi hata ya kuweka kidole. Jicho moja lilikuwa limefungwa, na mkono wa kushoto ulining'inia upande usio wake. Baba alimpapasa usoni kama mtu anayetafuta funguo gizani, kisha akampandisha mgongoni mwake. Onema alichukua kitambaa chake cha shingo, akanifunga kiganja bila kunitazama.

"Etabli inabaki," ajida alisema.

Hatukugeuka.

Kwenye kizuizi cha barabara askari mwingine alitusimamisha na kuomba kadi za Chama, chama pekee cha nchi. Nilizitoa kwa mkono wa kushoto. Alimwinamia Abedi.

"Huyu amekufa?"

Niliweka sikio langu kwenye mdomo uliovunjika wa kaka yangu. Nilisubiri muda mrefu, baba akiwa amesimama wima chini ya mzigo. Kisha pumzi ilipita shavuni mwangu, ndogo, yenye joto.

"Hapana," nikasema. "Fungua njia."