Kapteni Mnara wa Koti Jeusi

Jules alikuwa na kanuni moja tu ya kazi: mtafsiri wa filamu hanyamazi. Mtu aliyeshika kipaza sauti mbele ya Wakongo na Warundi sitini, waliokuja kusikia filamu kwa Kiswahili, akikaa kimya hata kidogo ataulizwa kama amekula. Siku za kazi Jules alitengeneza simu katika duka dogo la South Beach, ufukweni mwa jiji hili la ugenini, ameinamisha kichwa kutwa nzima, na hakuna aliyemjua kwa jina. Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kanisa pale Sydenham, ndipo alipokuwa mtu. Alitafsiri filamu za Kimarekani papo hapo, akitia chumvi pale zilipopooza, na watu walicheka mpaka viti vya plastiki vikapiga kelele.

Jumamosi hii lakini alipangusa kipaza sauti mara tatu kabla hata taa hazijazimwa. Safu ya mbele, katika kitenge cha maua ya njano, alikuwa ameketi Mama Agathe, aliyetoka mbali, Queensburgh, kwa kubadili taxi mbili. Binti yake Tina ndiye ambaye Jules alitaka kumwoa, na Mama Agathe alikuwa hajakubali wazee wa kijana waje kupiga hodi. Sababu hakuificha. "Mutu mwenye anaishi kwa mudomo," alisema, "uongo njo chakula yake." Sasa amekuja kujionea kwa macho.

Asubuhi Tina alikuwa amempigia Jules simu.

"Leo utafsiri tu chenye iko kwa filamu," alimwambia. "Usiongeze kitu. Mama akikukamata na uongo hata moja, tumekwisha."

"Sharp," alikubali Jules, na akaapa kwa jina la marehemu bibi yake.

Ndiyo maana alichagua Kapteni Mnara. Shujaa huyo wa vitabu vya picha vya Marekani Jules alimjua ndani na nje tangu utotoni Bujumbura, kwenye nakala za Kifaransa zilizopoteza majalada kwa kupita mikono mingi: koti jekundu, kifua kipana, taya la kuvunjia nazi. Achille, kinyozi mwenye kibanda chake jirani na ukumbi, ndiye aliyeleta flashi. "Ni Kapteni Mnara yenyewe, mpya kabisa," alisema, na hakudanganya. Asichojua Achille ni kwamba filamu hiyo mpya ilikuwa ya katuni, imetengenezwa na Wajapani, na Wajapani walikuwa wamemchora shujaa upya kama walivyotaka wao.

Tina, aliyekaa kwenye kompyuta, akabonyeza. Watu wa kwenye picha wakaanza kuongea Kijapani. Jules akatazama chini ya skrini kutafuta maandishi ya Kiingereza. Hapakuwa na hata herufi moja.

Hapo mtu mwenye akili angesimamisha filamu. Jules akafungua mdomo, kwa sababu mdomo wake ulikuwa umezoea.

"Huyo wa nyekundu, mwenye kifua kama mlango wa kabati, ndiye Kapteni wetu," alitangaza. "Na huyu mwembamba wa koti jeusi, nywele nyeupe mpaka machoni, ndiye adui. Mwangalieni, hata kitana hana."

"Mubaya kabisa," Mama Agathe alikubali, akimnyooshea kidole mwembamba yule. "Mama yake alimulea namna gani?"

Kwa nusu saa kazi ilikwenda vizuri. Kisha yule wa nyekundu akaangusha daraja lenye magari juu yake.

"Daraja lilikuwa bovu," alieleza Jules haraka.

"Na watu wenye wako juu?" aliuliza Achille kutoka nyuma.

"Walitangaziwa jana."

Ukumbi ukacheka. Lakini pale kwenye skrini yule mwembamba alikuwa ameruka chini ya daraja, na kifuani mwake ukatoka mwanga mweupe ulioshikilia magari yote hewani. Jules aliujua mwanga ule. Mwanga wa kifuani ni nguvu ya Kapteni Mnara, na haikuwahi kuwa ya mtu mwingine. Wajapani walikuwa wamempa shujaa koti jeusi, na adui wakamvika nyekundu. Nusu saa nzima alikuwa amemsifia muuaji.

Dawa alikuwa nayo. Alihitaji kusema tu kwamba mwembamba ameiba nguvu, na sentensi ilikuwa tayari kwenye ulimi. Akamtupia jicho Mama Agathe. Mama alikuwa ameinama mbele, kitenge amekikamata kwa mikono miwili, anaamini kila neno lake. Jules akaona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Akashusha kipaza sauti.

"Jules," Achille aliita, "umekula?"

"Ndugu zangu, iko kitu," alisema Jules. "Hii filamu ni Kijapani, na mimi Kijapani sijui hata salamu. Tangu mwanzo nawadanganya. Yule niliyemsifia ndiye adui. Huyu mwembamba ndiye Kapteni Mnara."

Tina akafunika uso kwa mikono. Akasimamisha picha.

"Eish," alishangaa mtu gizani.

Mama Agathe akageuka polepole kwenye kiti chake. "Kumbe ule mutoto mwembamba njo mutu muzuri?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimemutukana nusu saa."

"Samahani, mama. Kosa ni langu."

Mama akaigeukia skrini, ambako Kapteni alikuwa amesimama na magari yake hewani. "Tina, achilia picha itembee. Watu wataanguka," alisema. "Na wewe, endelea. Penye unajua, sema. Penye hujui, sema hujui, tutakusaidia."

Basi filamu ikaendelea, na haikuwahi kutafsiriwa filamu namna ile. Ikafika mahali Kapteni amerudi nyumbani, amelowa mvua, na mama mmoja mzee wa Kijapani anamtazama na kusema maneno machache.

"Hapa sijui," alikiri Jules.

"Mi najua," alisema Mama Agathe. "Anamuuliza kama amekula."

Kabla watu hawajamaliza kucheka, yule mzee wa kwenye skrini akaweka bakuli la wali mezani. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mama Agathe akanyoosha mkono, akachukua kipaza sauti, na hakukirudisha. Alitafsiri mapigano, akatafsiri mvua, na mwisho kabisa, yule wa nyekundu alipopiga magoti na kulia, alieleza kwa utulivu kwamba anaomba msamaha kwa sababu ameshindwa kumtembelea mama mkwe wake miaka saba. Wanawake kadhaa waliguna kwa huruma.

Nje, walipokuwa wakisubiri taxi, Jules alijikaza.

"Mama, ile ya mama mkwe, ulijuaje?"

"Nilidanganya," alisema Mama Agathe, akifunga upya kitenge chake. "Ambia wazee wako wakuje Jumamosi. Lakini asubuhi. Mchana tuko na filamu."