Glavu za Bwana Marashi

Watu wa bondeni wananuka. Ndivyo walivyosemwa tangu enzi za babu wa babu zao, na hao hao waliosemwa kuwa wananuka ndio waliopewa kazi ya kufua nguo chafu za mji mzima. Ukitaka kujua upuuzi una sura gani, anzia hapo.

Katika hoteli kubwa ya mji huo, chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa, chini hata ya jiko, na wanawake wote waliofanya kazi humo walitoka bondeni. Ukutani kulikuwa na tundu pana, mdomo wa bomba lililoteremka kutoka ghorofa zote. Kupitia tundu hilo waheshimiwa walimimina aibu zao kila siku: mashuka yenye matapishi, taulo zilizofutiwa viatu, vitambaa vya mezani vilivyopengewa makamasi kisha vikakunjwa vizuri ili yasionekane. Kiongozi wa chumba, mjane ambaye wenzake walimwita Mama Povu, alikuwa akizichambua nguo hizo tangu mwanawe wa pekee akiwa bado mgongoni. Hakuwahi kutapika hata mara moja. Alijikaza kisabuni, akavuta pumzi kwa mdomo, akaendelea na kazi. Jioni alitokea mlango wa takataka, kwa sababu ilisemekana mlango wa mbele ungeshika harufu yake.

Meneja wa hoteli naye walikuwa wamembatiza jina. Walimwita Bwana Marashi, kwa vile alijipulizia manukato mpaka wahudumu walijua amepita ukumbi gani. Mashati yake yalifuliwa huko huko chini. Bibi Pasi, mzee aliyenyoosha nguo pale kabla wenzake wote hawajaajiriwa, kila akifika kwenye kwapa la shati la meneja alisimama na kulikodolea macho. "Kumbe hata huyu anatoka jasho," alisema. "Nani angedhani." Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, ingawa walishalisikia hilo mara nyingi.

Kisha sheria mpya ikapita. Haikupita kwa hisani ya mtu. Watu wa bondeni waliandamana, wakaketi barabarani, wakapigwa virungu na kumwagiwa maji ya mitaroni, na Mama Povu alitoka huko na kovu juu ya jicho. Sheria ikasema hakuna mwajiri atakayemnyima mtu kazi, wala kumficha nyuma, kwa sababu ya mahali anakotoka. Binti wa Mama Povu alikuwa amesomea kazi za hoteli, akafaulu vizuri, halafu akakaa nyumbani akiwashonea majirani vifungo. Sasa akaomba kazi ya mapokezi. Chama cha watu wa bondeni kikamsimamia, na mwenyekiti wa chama hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa shemeji yake Mama Povu, mdogo wa marehemu mumewe. Hoteli ikakubali. Tena ilikubali kwa tabasamu, na hapo ndipo Mama Povu alipopaswa kushtuka.

Siku ya kumpokea binti, waandishi wa habari walijaa ukumbini asubuhi. Mama Povu aliruhusiwa kupanda mpaka jikoni na kuchungulia kwenye kioo kidogo cha mlango. Alimwona mwanawe amesimama nyuma ya meza ya mapokezi, shingo wima, sare imemkaa sawasawa. Alimwona shemeji yake amevaa tai iliyomkaba. Alimwona Bwana Marashi akimpa binti mkono, kamera zikimulika, na mkono huo umevaa glavu nyeupe. Wasaidizi wake wawili nao walikuwa na glavu. Mama Povu alidhani ni mbwembwe za hoteli kubwa. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya aproni, akashuka.

"Wamempa mkono," aliwaambia wenzake. "Mbele ya watu. Nimeona kwa macho yangu."

"Na dunia haikupasuka?" Bibi Pasi aliuliza.

"Haikupasuka."

Siku hiyo walifua huku wanaimba. Mchana, simu ya ukutani ikalia, Mama Povu akaipokea mikono ikiwa na povu. Alikuwa msaidizi mmoja wa meneja.

"Kuna mfuko unashuka huko," alisema. "Msiufungue. Utieni kwenye moto wa boila."

"Una nini?"

"Zile glavu za asubuhi. Tuliziazima kwa wahudumu, nao wamekataa kuzivaa tena, na mkubwa mwenyewe hataki kuziona. Amenawa mikono mpaka nikaogopa ngozi itatoka." Alicheka kidogo. "Si unawajua tena watu wale."

"Nawajua," Mama Povu alisema, na simu ikakatika.

Msaidizi yule hakukusudia kumtukana, na hilo ndilo linalochefua kuliko tusi lenyewe. Hakujiuliza anazungumza na nani. Kwake yeye huko chini hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mahali ambapo uchafu unakwenda ukarudi umekuwa safi.

Mfuko ulianguka kikapuni. Mama Povu aliufungua. Glavu zilikuwa nyeupe pe, hazina hata doa, zinanukia manukato ya Bwana Marashi. Mwanamke huyu alikuwa amefua mashuka ya walevi na ya wagonjwa wa kuhara, na hakuna aliyewahi kumwambia achome hata soksi. Leo nguo safi kuliko zote zilizowahi kupita kwenye bomba lile ndizo zilizoitwa najisi, kwa kuwa zilimgusa mwanawe. Mwanawe aliyeoga alfajiri mara mbili kwa woga. Aliinama juu ya karai na kutapika, yeye ambaye hakuwahi kutapika, na Bibi Pasi akaja kumshika paji la uso.

"Umekula nini?"

"Sijala kitu," Mama Povu alisema. Alizitia glavu kwenye mfuko wa aproni na kupanda ngazi.

Kwenye kioo kidogo aliona msichana mwingine nyuma ya meza ya mapokezi, wa huko mjini. Alizunguka nyuma akifungua mlango mmoja baada ya mwingine mpaka akamkuta mwanawe kwenye chumba kisicho na dirisha, jirani na stoo ya mifagio, amevaa visikizio vya simu.

"Nani kakuleta huku?"

"Meneja amesema nina sauti nzuri, Mama. Amesema nitafaa kwenye simu."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu waandishi walipoondoka." Binti alitazama vidole vyake. "Mama, usinitazame hivyo. Kazi si kazi tu? Nikitulia, labda baadaye watanirudisha."

"Labda."

"Nimechoka kukaa nyumbani, Mama."

Mkono wa Mama Povu ulikuwa ndani ya mfuko, umezishika glavu. Alishindwa kuzitoa. Alimwekea mwanawe kola sawa, ingawa ilikuwa sawa, akaenda kumtafuta shemeji.

Mwenyekiti alikuwa bado kwenye chumba cha kulia, peke yake, mbele ya sahani ya keki. Alisimama kwa heshima alipomwona.

"Shemeji, wamemwondoa mapokezi."

"Nimesikia, shemeji yangu. Nimesikia na nimeumia." Alifuta krimu mdomoni kwa kitambaa cha mezani. "Lakini tumeshaingiza mguu ndani. Tukianza kelele leo leo watasema, unaona, hawa hawatosheki. Tuwape muda."

"Mguu upi? Mimi nimo humu ndani tangu mtoto akiwa mgongoni."

"Jioni kuna karamu ya kusherehekea sheria yenyewe. Waheshimiwa wanakuja, waandishi wanarudi, na mimi nitahutubia. Tafadhali, usiniaibishe."

Alikikunja kile kitambaa, makombo na mate ndani, akakiweka mezani bila kufikiri. Mama Povu alikitazama. Kingeshuka kwa bomba baada ya muda si mrefu, na yeye ndiye angekifungua. Katika watu wote waliomtia kinyaa siku ile, hata Bwana Marashi hakumshinda huyu, aliyekula naye sufuria moja wakati wa maandamano.

"Lete," alisema akikichukua. "Nitashuka nacho mwenyewe."

Chini, alizitandaza glavu juu ya meza ya pasi na kuwaeleza wenzake yote, tangu simu mpaka keki. Mashine zilikuwa zinanguruma bado. Bibi Pasi alizitazama glavu, kisha akachomoa waya wa pasi ukutani.

"Mimi wakinifukuza wanafukuza mtu anayeondoka," alisema.

"Na sisi wenye watoto wadogo?" mmoja aliuliza, mwanamke mnene aliyeajiriwa karibuni.

"Simlazimishi mtu," Mama Povu alisema. "Mimi ninaye mmoja tu, na leo wametaka nimtie motoni kwa mkono wangu."

Yule mwanamke alikwenda akashika mpini wa kikapu kizito kuliko vyote.

Hawakufua tena siku hiyo. Walijaza vikapu kila kilichoshuka tangu asubuhi, pamoja na vitambaa vya meza ambavyo wahudumu walikuwa wanavingoja kwa ajili ya karamu. Walitoka kwa mlango wa takataka, wakazunguka jengo zima, wakaja mlango wa mbele. Bawabu aliufungua kwa mazoea, kisha akabaki ameushika, hajui aufunge au auache.

Wageni wa karamu walikuwa wameanza kufika. Suti mpya, vito shingoni, waandishi na kamera zao. Wanawake wa bondeni walivimimina vikapu katikati ya zulia, kimoja baada ya kingine, na mashuka yakalala yalivyo, na madoa yake ya njano na ya kahawia juu. Ukumbi mzima ulinuka. Mabibi walifunika pua. Mheshimiwa mmoja alirudi nyuma akakanyaga taulo, akainua kiatu na kukitazama kwa chuki. Bwana Marashi alikuja mbio, na safari hii hakuna aliyesikia manukato yake.

"Nini hiki? Ondoeni uchafu huu. Mnanukisha hoteli yangu."

"Kunanuka kweli," Mama Povu alisema. "Lakini harufu si yetu. Ni yenu. Sisi tulikuwa tunaiosha tu."

Hakupaza sauti. Alijifuta mkono kwenye aproni, akaunyoosha mbele ya kamera zote. "Asubuhi ulimpa mwanangu mkono. Nipe na mimi."

Mkono wenyewe ulikuwa umekunjamana kwa maji na kuchunwa na sabuni, na ndio uliokuwa safi kuliko mikono yote ukumbini. Bwana Marashi aliutazama. Angeweza kudanganya, kitu rahisi, kuushika na kuuachia, kesho gazeti limsifu. Hakuweza. Mkono wake uliingia mfukoni wenyewe, na kamera zikamulika. Shemeji, karatasi ya hotuba mkononi, alijitia anatafuta miwani.

Binti alikuwa amesikia kelele za ukumbini kutoka kule nyuma. Alipofika, mama yake alikuwa ameshazitoa glavu na kuzilaza juu ya meza ya mapokezi, pale pale binti aliposimama asubuhi.

"Ni zile?" aliuliza.

"Ni zile. Niliambiwa nizichome."

Binti alitazama kiganja chake. Alikitazama kwa muda, kama mtu anayetafuta mwiba. Msichana wa mjini alimpisha bila kuambiwa, lakini binti hakuingia nyuma ya meza. Alizichukua glavu, akavuka juu ya mashuka, akamsogelea meneja mpaka meneja akajibana ukutani.

"Vaa," alimwambia, kwa ile sauti nzuri. "Nguo za kufua ni hizi hapa, na mama hafui leo."

Bwana Marashi aligeuka huku na huku akitafuta mtu wa kuzipokea kwa niaba yake. Hakuna aliyenyoosha mkono.