Anayeinua Mkono Anatoka

"Mguse uone!"

"Nimguse nini? Namfunga! Na wewe nakufunga naye!"

Mjomba alikuwa kazungusha kamba ya kuanikia nguo kwenye ngumi. Mkono wake mwingine ulichuruzika damu, alama za meno zimejipanga kama muhuri wa ofisi. Aliyemng'ata ni Chuma, mpwa wake, miaka thelathini na moja, kifua kama kabati, maneno yake yote hayajazi kiganja. Sasa hivi alikuwa anagonga kichwa ukutani, du, du, du, mpaka rangi imegeuka nyekundu.

Katikati alisimama Mhudumu. Mwaka wa pili huu anakuja kila siku, tangu amtoe Chuma kwenye wodi ya kufuli, hospitali ya wagonjwa wa akili.

"Umebamiza mlango, mjomba! Nilikwambia unafungwa kwa mikono miwili, taratibu. Ukibamiza, yeye anasikia kufuli la kule."

"Nyumbani kwa dada yangu nafundishwa kufunga mlango na mtoto wa juzi! Dada, tia saini hiyo karatasi, arudishwe alikotoka!"

Mama yake Chuma akaishusha kalamu mezani. "Kaka, jamani, subiri..."

"Nisubiri auawe mtu?"

Kamba ikapaa, ikatua mgongoni kwa Chuma, chwaa! Ya pili ikamchana sikio. Chuma akatoa sauti iliyomfanya hata jirani afunge dirisha.

Mafunzo yote yakamtoka Mhudumu kichwani. Akarusha ngumi. Mjomba akaenda chini na meza, vikombe juu yake, jino likaogelea kwenye chai iliyomwagika. Mhudumu akampanda kifuani, akaongeza ya pili, ya tatu, utamu umemkolea, hata hakusikia kwamba ukuta umenyamaza.

Chuma alikuwa kajikunyata, anamtazama yeye. Si mjomba. Yeye.

Sheria waliitunga Chuma na Mhudumu, wakaichora kwenye kadi pale ukutani: anayeinua mkono anatoka. Chuma ameitii mara mia, analia, lakini anatoka mwenyewe barazani.

"Mkono," Chuma akasema, kidole kwa mjomba. "Nje."

Kidole kikahama.

"Mkono. Nje."

"Chuma, ndugu yangu, mimi nilikuwa nakutetea..."

"Nje."

Mama akaikunja ile karatasi, akamfutia nayo mwanawe damu sikioni. "Mmesikia. Wote wawili."

Mjomba akatangulia, kashika mdomo. Mhudumu akafuata, akakamata kitasa kwa vidole vilivyovimba, mikono miwili, akaufunga mlango taratibu.