Breki Zinazojikaza Zenyewe

Fundi breki alilipandisha gari kwenye jeki, akasukumia matofali chini ya bodi lisije likamlalia, kisha akazungusha gurudumu la mbele kwa mkono. Lilizunguka vizuri. Diski ilikuwa safi na pedi bado nene. Mshonaji, mwenye gari, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Hebu nieleze tena, shemeji," fundi alisema. Alimwita hivyo kwa sababu yeye na mume wa mshonaji walikua pamoja. "Linasimama lenyewe?"

"Lenyewe. Mguu wangu uko kwenye mafuta, lenyewe linafunga breki. Mbele ya geti la mdogo wangu. Nikipeleka nguo sokoni linasimama, nikirudi linasimama."

"Na kwingine?"

"Kwingine linanitii."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Magari ya zamani yana mambo yake. Juzi tu alikuwa na pikapu iliyotokwa machozi ya oili kila mmiliki wake wa kwanza alipopita barabarani. Aliibadilishia sili, ile raba ya kuzuia oili, ikanyamaza.

"Kama ni oili, badilisha," mshonaji alisema. "Kama ni upepo kwenye paipu, utoe. Ila iwe ni breki, fundi. Nakuomba iwe breki."

Fundi akahamia nyuma. Alifungua gurudumu, akagongagonga ngoma ya breki kwa nyundo mpaka ikachomoka, akapangusa vumbi jeusi kwa kitambaa kibichi. Akachungulia humo muda mrefu.

"Zimejikaza mno. Hizi za nyuma hujikaza zenyewe dereva akirudi nyuma na kukanyaga breki. Nyumbani mnarudi nyuma sana?"

"Sisi? Uwanja wetu una geti mbili. Tunaingia huku, tunatokea kule. Mimi kurudi nyuma hata sijui vizuri."

"Basi kuna mahali linarudi nyuma kila siku," fundi alisema, akaanza kutafuta bisibisi ambayo alikuwa ameishika.

Mshonaji aliujua uwanja wa mdogo wake. Ulikuwa mwembamba kama ujia wa nyumba, na ukuta mwisho wake. Hata gari la mikate liliingia kinyumenyume.

"Legeza," alisema.

Fundi alilegeza pande zote mbili, akapiga msasa, akarudisha ngoma. Kisha akalala chini ya gari kutoa upepo, mshonaji akakaa kwenye usukani.

"Kanyaga. Shikilia. Achia. Kanyaga. Taratibu, shemeji! Huo mguu wa cherehani utanipasulia paipu."

"Ulijua?" mshonaji aliuliza, mguu ukiwa bado chini.

Chini ya gari fundi akakaza nati.

"Mimi ni wa breki tu, shemeji. Achia."

Wakaenda kulijaribu pamoja, mshonaji akiendesha. Lilikamata vizuri kwenye mteremko, likakamata vizuri kwenye njia panda. Mbele ya geti la mdogo mtu likasimama, taratibu, kama linashusha mgonjwa. Geti likafunguka pande zote mbili. Mdogo mtu alitoka mbio, akasogeza kopo la maua, akawapa mgongo na kuanza kuelekeza kwa mkono.

"Njoo, njoo. Kata kushoto, mpenzi. Njoo."

Gari likageuka, likaanza kurudi nyuma. Mikono ya mshonaji ilikuwa mapajani. Lilipita katikati ya nguzo bila kugusa popote, likajiegesha chini ya dirisha la chumba cha kulala.

Mdogo mtu akageuka.

"Ah, dada! Karibu. Mbona hukusema unakuja?"

"Nani alikufundisha kuelekeza magari?"

"Si mambo ya kujifunza tu, dada. Fundi, karibu chai."

Fundi alisema ana kazi. Mshonaji alikunywa chai yote, kwa kuwa gari halikukubali kuwaka mpaka kikombe kilipokwisha.

Jioni mume aliuliza kama limepona. Mshonaji alisema breki ziko sawa. Mume akachukua funguo, akatoka. Aliporudi alikuwa na furaha ya mtu aliyefanyiwa jambo jema, akaketi mezani na kukunja mikono ya shati.

"Asante kwa kulipeleka kwa fundi," alisema. "Sasa likirudi nyuma halikwami hata kidogo."

Mkewe akampakulia chakula.